Kesho Asubuhi Tunakwenda Zenji!

Haya wapendanao, mwezi huu tuongelee ile sentensi tamu kuliko zote ndani ya nyumba ya watu wa jiji hili. Sio "nakupenda", hiyo mmeshaizoea. Naisemea ile inayotoka Ijumaa jioni, mtu anavua viatu mlangoni, tai imelegea, foleni ya Mwenge imemmaliza nguvu, halafu anatamka tu: "Jamani, kesho asubuhi tunakwenda Zenji."

Watoto wanaruka juu ya makochi. Mdogo anauliza kama kule kuna papa. Mkubwa anauliza kama kuna waifai. Baba anacheka, anajitupa kwenye kiti, anatafuta rimoti aangalie mpira, maana kazi yake imekwisha: ametangaza. Na mama? Mama anatabasamu pia, ila kichwani ameshaanza kuhesabu. Nguo ya kuogelea ya mdogo inambana tangu Desemba. Dawa ya kifua ya mkubwa imebaki kidogo. Kuna nguo zimelowekwa kwenye beseni. Kuna nyama imetolewa kwenye friza iyeyuke. Vyeti vya kuzaliwa viko droo gani? Dada wa kazi tunamwacha na nani? Na kikoba cha Jumapili, ambacho safari hii ni zamu yake kupokea?

Mpaka saa 6 usiku nyumba nzima imelala, kasoro mtu mmoja. Huyo ndiye anayepelekwa kupumzika.

Sasa msinielewe vibaya. Mimi ni shabiki wa safari za ghafla, tena shabiki wa kutupwa. Zile za kupangwa nimeziona zinavyokufa. "Tutakwenda mwezi wa sita," anasema mzee. Mwezi wa sita unafika na harusi ya binamu, mchango laki tatu. "Basi Desemba." Desemba lazima mwende Moshi, au Bukoba, au Tukuyu, mkasalimie wazee, na mkirudi Januari imewakalia kooni na ada zake. Safari ya ghafla ina sifa moja kubwa: inatokea kabla mtu hajapata muda wa kutafuta sababu ya kuiahirisha.

Na wengi wetu tuna siku za kupumzika ambazo hatuzigusi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Bara likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Hebu niambie, mwaka jana ulichukua ngapi? Na katika hizo ulizochukua, ngapi zilikwenda kwenye ujenzi wa Kibaha na kusimamia mafundi? Ndiyo maana nasema mtu akiamka na wazo la Ijumaa, asikatishwe tamaa. Chukua Jumatatu moja tu uiunganishe na wikiendi, tayari una siku tatu za bahari.

Kuna kundi moja la wasomaji ambalo kwao jambo hili si starehe tu. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, zipo nyumba nyingi hapa mjini ambazo baba, au mama, anaishi kule na familia imebaki huku, kwa sababu ya shule za watoto au kazi ya mwenzake. Mwanzoni ilikuwa basi la kutwa nzima. Tangu Julai 2024 treni ya umeme imefika Dodoma na mambo yamekuwa nafuu, mtu anatoka kazini Ijumaa na usiku yuko Dar. Lakini akishafika, nini kinatokea? Jumamosi asubuhi kalala. Jumamosi mchana kaenda kuangalia kiwanja. Jumamosi usiku yuko na washikaji, "maana sijawaona siku nyingi". Jumapili ibada, pilau, halafu kutazama saa. Mtoto wa miaka minne kwenye nyumba kama hiyo anamjua baba kama mgeni anayeleta zabibu.

Kwa familia ya namna hiyo kisiwa kina kazi maalumu. Kisiwani hakuna kiwanja chako cha kwenda kukiangalia. Hakuna fundi, hakuna mshikaji wa kijiweni. Mkishashuka bandarini pale Malindi mmebaki ninyi tu, na mtoto anayeng'ang'ania shingo ya baba kwa sababu maji yamemfika magotini. Hakuna mshauri wa ndoa ninayemjua mwenye dawa kali kuliko hiyo.

Ila turudi kwa mama yetu wa saa 6 usiku.

Ninachotaka kusema mwezi huu ni kitu kimoja, na akina baba mnivumilie: safari ya ghafla ni zawadi endapo tu anayeitangaza ndiye anayeifanyia kazi. Ukisema "kesho tunakwenda" halafu ukakaa, hujampa mkeo zawadi. Umempa oda. Umempa kazi ya wiki nzima aifanye kwa saa nane, tena kwa uso wa furaha, maana akinuna ataambiwa hana shukrani. Ndivyo inavyotokea, watu wanarudi Jumapili wameungua jua na hawasemeshani, na mwanaume wa watu haelewi kabisa. "Nimetumia hela yote ile, amenuna nini?" Amechoka, kaka. Alipika Dar, kisha akahamishia jiko Paje.

Na isiwe kwamba naonea upande mmoja. Nawafahamu akina dada wanaotangaza pia, wenye kazi nzuri, wanaolipa wenyewe, halafu mume anajikuta ndiye wa kuhangaikia tiketi saa 5 usiku huku bosi wake hajaambiwa lolote. Kanuni ni ileile. Anayetangaza ndiye anayefungasha.

Kufungasha nako kuna watu hawakujui, kwa hiyo nieleze. Sio kuweka kaptula mbili na chaja kwenye begi na kusema "mimi tayari". Ni kujua mtoto yupi halali bila kablanketi kake. Ni kwenda duka la dawa kabla halijafungwa. Ni kupiga simu kwa mama mkwe kumweleza kwamba Jumapili hamtakuwepo, badala ya kumwachia mkeo akapige na kuonekana yeye ndiye anayemchukua mtoto wa watu. Mwanaume akimaliza hayo yote ndipo aseme: "Mama Nanihii, wewe oga, vaa, tuondoke." Hapo ndipo atakapoliona tabasamu lenyewe.

Kuna ujanja mmoja nauona kwa jirani zangu fulani, vijana tu, yeye yuko benki na mkewe ni mhasibu. Juu ya kabati lao lipo begi halishuki ila siku ya safari. Ndani mna taulo nne nyembamba, kofia, mafuta ya kuzuia jua, dawa za tumbo na za homa, plasta, viatu vya mpira vya kuingilia baharini, na bahasha yenye nakala za vitambulisho na vyeti vya watoto. Kila wakirudi, mume ndiye anayelijaza upya, nguo za watoto zilizobana anazitoa. Wao safari ya ghafla inawachukua dakika 20 kufungasha. Mtu atasema sasa hiyo si ghafla tena. Sawa, lakini wao wapo ufukweni, na yeye yupo Sinza anatafuta bahasha.

Hela je? Hapa ndipo ghafla inapoweza kuua nyumba. Wapo wanaotangaza Zenji kwa hela ya ada, au kwa mkopo wa kwenye simu, halafu mwenzake anakuja kujua Januari. Mshtukizo wa namna hiyo usimfanyie mtu unayelala naye kitanda kimoja. Kaeni siku ya kawaida, sio siku ya safari, mkubaliane kiasi ambacho yeyote kati yenu anaweza kukitumia kwa ghafla bila kuuliza. Kiwe kidogo tu, kiwe kikubwa, mnajua wenyewe mishahara yenu. Mkishakubaliana, yule anayetangaza ana uhuru ndani ya kiasi hicho na yule anayeshtukizwa ana amani. Kikipita hapo, hiyo si ya kushtukizana, ni ya kukaa kikao.

Na mkiwa na kiasi kidogo msijinyime. Hoteli nyingi za Unguja zina bei ya wageni na bei ya wakazi, na tofauti si ndogo. Lakini usipouliza hupewi. Uliza kabla hujalipa, kwa Kiswahili chako, na kitambulisho mkononi. Aprili na Mei, wakati wa masika, nyingi hushusha bei na nyingine hufunga kabisa. Mvua ya masika hainyeshi kutwa kila siku, kwa hiyo wenye roho ngumu hufaidi. Usafiri nao si lazima teksi. Mjini mnapata daladala namba 309 mpaka Jambiani, au 116 mpaka Nungwi. Ni mwendo wa polepole, mnabanana na magunia na ndoo za samaki, na nakuhakikishia watoto wakirudi shule hiyo daladala ndiyo watakayoisimulia. Wenye watoto wachanga chukueni teksi, mkubaliane bei kabla mlango haujafungwa.

Mambo ya boti yachukulieni kwa uzito. Ni mwendo wa saa 2 hivi kwa boti ziendazo kasi, na ukiwa na haraka kuna ndege ya dakika 20. Pale bandarini, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Joseph, mkishuka tu kwenye gari mtavamiwa na vijana kila mmoja ana tiketi "ya mwisho". Pita moja kwa moja mpaka dirishani, ukate tiketi yenye jina lako na uonyeshe kitambulisho. Wikiendi za sikukuu, hasa Pasaka na Idi, boti hujaa mapema, na hapo ndipo mtu wa ghafla hushawishika kupanda chochote kinachoelea. Usithubutu. Wenye kumbukumbu hawajasahau Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kwenda Pemba, wala Julai 2012, MV Skagit ilipozama ikitokea hapa Dar kwenda Unguja. Ukiambiwa imejaa, imejaa. Rudini nyumbani mle samaki Feri, Zenji haihami.

Kati ya Juni na Agosti kusi hupiga na bahari huchafuka. Pandeni boti ya asubuhi, mle kitu chepesi, na wenye kutapika wakae chini na katikati, sio juu mbele kwa ajili ya picha.

Sasa bahari yenyewe. Hapa ndipo watu wa Bara tunapochekwa na wenyeji. Mtu kaona picha ya Paje kwenye simu, maji ya buluu, mchanga mweupe kama unga wa sembe. Kalipa, kafika saa 4 asubuhi na watoto wamevaa maboya, anatazama mbele hakuna bahari! Maji yameondoka karibu kilomita nzima, yamebaki madimbwi, majani na akina mama wanaofanya kazi. Baba anahamaki, anamfuata mtu wa mapokezi kana kwamba yeye ndiye aliyeyaficha.

Hakuna aliyeyaficha, ni mwezi tu. Ukiwa mpevu au mwandamo ndipo maji ya bamvua yanapokuja, hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake Unguja hukaribia mita 4. Na siku hizo za bamvua, maji hupwa mpaka mwisho mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 alasiri. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukifika nusu mambo yanageuka, yanajaa asubuhi na kupwa jioni, ila hayo ni maji mafu, hayaendi mbali. Kwa hiyo Ijumaa jioni kabla hujafungua mdomo kutangaza, toka nje, tazama juu. Ukiona mwezi nusu, nendeni Paje, Jambiani au Bwejuu, watoto wataogelea asubuhi. Ukiuona mviringo kamili, ama mwende kaskazini, Kendwa na Nungwi, ambako maji hayakimbii mbali kiasi hicho, ama mbaki mashariki mkijua kwamba asubuhi ni ya kutembea na alasiri ni ya kuogelea.

Na hiyo asubuhi ya kutembea msiidharau. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, pale Paje na Jambiani, na mpaka leo wengi wanaokifanya ni wanawake. Bahari ikipwa wanaingia, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizowambwa kati ya vijiti, ikijaa wanatoka. Waamkieni, muombe ruhusa kabla ya kupiga picha, mkubaliwe au mkataliwe. Watoto wavae viatu, kule majini kuna wale wadudu wa mviringo wenye miiba mieusi, ukiwakanyaga likizo yako imeisha. Na mkirudi kupitia kijijini, tupeni khanga juu ya nguo za kuogelea. Hapo ni mtaani kwa watu, pana msikiti na madrasa. Ikiwa ni Ramadhani, chakula cha mchana mle ndani ya hoteli, sio barazani kwa watu waliofunga.

Ngoja niseme jambo moja zito kidogo, halafu tutaendelea na raha.

Watoto huzama maji wazazi wakiwepo. Baba yupo, mama yupo, shangazi yupo, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayeangalia. Wala mtoto hapigi kelele kama kwenye filamu, anazama kimya. Dawa yake ni kutamkiana. "Zamu yangu, mpaka saa 5." Aliye na zamu hana simu mkononi, hana soda ya kufungua, haongei na mtu akampa bahari mgongo, na mtoto mdogo asimwache mbali zaidi ya urefu wa mkono. Zamu ikiisha anamkabidhi mwenzake kwa mdomo, na mwenzake anajibu, "nimepokea". Nusu saa nusu saa inatosha. Yule asiye na zamu, hasa akiwa ni mama, apumzike kweli. Alale. Asome. Asiitwe kuulizwa mafuta ya mtoto yako wapi.

Unaona zamu hii inavyofanana na yale ya begi? Kwenye nyumba nyingi mama yuko zamu saa 24 bila mtu kuwahi kumpangia, na hakuna wa kumkabidhi. Hasira zinazotoka ufukweni kwa sababu ya kitu kidogo, eti umesahau mswaki, zilianza kujikusanya siku nyingi.

Na dada wa kazi? Wengi mmekuwa mkiniuliza hili. Kuna wanaomchukua, wanamlaza chini kwenye chumba cha watoto, anaamka saa 11 kupasha uji, anashinda mchangani na nguo zake za kazi akilinda mabegi. Binafsi sipendi kuona hivyo. Akienda, aende na kitanda chake, saa zake za kazi zijulikane, na apate nusu siku yake ya kuingia baharini kama mtu mwingine. La sivyo mpeni wikiendi na nauli akawaone kwao. Ukimpeleka ili mama apumzike, halafu mama akashinda anamwelekeza, hakuna aliyepumzika kati yao wawili.

Basi usiku. Mkiwa mjini, teremkeni Forodhani jua likizama, mwone vijana wanavyojirusha baharini kutoka ukutani. Watoto wakishiba mishikaki na ile inayoitwa pizza ya Zanzibar, ninyi wawili chukueni bakuli la urojo mle kwa pamoja. Mkiwa shamba, watoto wakishalala, tokeni kibarazani. Msiongelee ada wala kiwanja. Pia msianze yale mazungumzo mazito ya "uhusiano wetu unakwendaje", maana hiyo ni mikutano ya ofisini. Kaeni tu. Mtu wa Dodoma na mtu wa Dar ambao wiki nzima wameongea kwa simu, tena ya kuulizana luku imebaki ngapi, wanahitaji kukaa kimya pamoja kuliko wanavyohitaji maneno. Mengine yatakayofuata hayo, mmeoana, sina la kuwafundisha.

Simu za ofisi? Mpe bosi saa moja, tuseme saa 2 mpaka saa 3 asubuhi, jibu zote, kisha izime. Usimfiche mwenzako ukaenda kujibu meseji chooni. Atajua, na atafikiria mengine.

Kurudi kuna sehemu yake pia. Boti ya mwisho ya Jumapili ndiyo inayogombewa, na mnafika usiku na watoto wamelala mabegani, kesho shule. Kama hamna ruhusa ya Jumatatu, rudini na ya mchana. Mkifika, nguo zote zina mchanga na chumvi, begi linanuka bahari. Aliyetangaza anajua la kufanya. Beseni liko palepale lilipoachwa.

Nimalizie na dada mmoja wa Tabata aliyeuliza: mume wangu anaogopa boti, na hela ya hoteli hatuna, sisi tufanyeje? Dada yangu, visiwa mnavyo hapahapa mjini. Mbudya na Bongoyo zimo katika hifadhi za bahari za Dar es Salaam zilizotengwa tangu mwaka 1975. Ya Mbudya mnapandia Kunduchi, mashua inakatiza muda mfupi tu na nchi kavu mnaiona muda wote, kwa hiyo mzee anaweza kufumba macho akafumbua mmefika. Mtalipa kiingilio na nauli ya mashua. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha na kitu cha kujifunika jua, samaki na chipsi mtazikuta hukohuko zinakaangwa mbele yenu, na jioni mnalala kwenu. Mwambie mashua iwafuate mapema, kabla upepo wa alasiri haujazidi. Halafu muulize nani anafungasha.